Mhadhara wa Umma Kuhusu Dabo

Itifaki izingatiwe, na kama haikuzingatiwa, ichukuliwe kuwa imezingatiwa. Wazee wa drafti mliowahi kivuli, vijana wa bodaboda mliozima injini kwa heshima ya elimu, mama wa chai na mandazi, wang'arisha viatu, na wewe uliyelala kwenye nyasi ukidhani haya ni mahubiri: nawasalimu nyote. Bustani hii ya Nyayo imewahi kuwaona wahubiri wa adhuhuri, wauza dawa ya mende na wagombea udiwani. Mtaalamu haijapata kumwona. Leo imebahatika.

Wapo wanaonong'ona kuuliza nimealikwa na nani. Mtaalamu halisi hangoji mwaliko. Hupita mahali, akaona watu wanapoteza pesa kizembe, moyo ukamuuma, akapanda juu ya kreti ya soda. Ndipo tulipofika.

Kuhusu sifa zangu nitasema kwa ufupi, maana ni nyingi. Elimu yangu niliipata London. Naona vichwa vinatikisika kwa heshima, endeleeni. Ni London hii yetu, ya hapa Nakuru, upande wa kuelekea Menengai, jirani na jaa la Gioto. Lakini mimi nikisema "London" huwa sifafanui, na ninyi mngekuwa na adabu msingeuliza. Na Egerton, chuo kikuu chetu cha Njoro, nina uhusiano nacho wa miaka: nimepita langoni pake kwa matatu mara nyingi kuliko maprofesa wengi, na kila mara nikiwa macho.

Mada ya leo ni hii: mwenzako akikupigia dabo, upokee au uachie?

Tuanze na kifaa. Wengi wenu mnalo sanduku hili nyumbani. Ni lile la mbao linalokunjwa katikati, mlilonunua kwa ajili ya drafti au chesi. Nje lina miraba 64. Ukilifungua, ndani mna pembetatu 24 ndefu, kumi na mbili kila upande. Miaka yote mmedhani ni mapambo. Kuna mzee hapa, simtaji, ambaye humo ndani anahifadhi vifuniko vya soda na dawa yake ya mgongo. Mzee wangu, hilo ni bodi la bakigamoni. Kila mchezaji ana kete 15. Anarusha dadu mbili, anazungusha kete zake hadi nyumbani kwake, kisha anazitoa moja moja nje ya bodi. Wa kwanza kumaliza ndiye mshindi. Mwanzoni kila mmoja ana safari ya hatua 167. Njiani mnagongana, mnazibiana njia, mnarudishana mwanzo. Kwa kifupi, ni kama Barabara ya Kenyatta saa kumi na moja jioni.

Naam, mama wa chai? Unasema huo ni mchezo wa wageni, hautuhusu? Mama, shusha birika unisikilize. Panda matatu ya kuelekea Lanet, shuka Hyrax Hill. Pale Mary Leakey alichimba mwaka 1937, na pale pale, juu ya mwamba, kuna vishimo vya bao vilivyochongwa na watu waliokaa hapa kabla jina Nakuru halijaandikwa kwenye karatasi yoyote. Wakikuyu wana giuthi, Wajaluo wana ajua, Wamaasai wana enkeshui. Watu wa Bonde la Ufa walikuwa wakihesabu kokoto na kuviziana wakati babu za hao wageni hawajajua njia ya kuja huku. Tofauti ni moja. Bao halina dadu, kwa hiyo aliyeshindwa hana wa kumlaumu. Bakigamoni ina dadu, kwa hiyo ina visingizio. Na penye visingizio, mama, ndipo penye pesa.

Sasa tazameni ndani ya sanduku. Mbali na dadu mbili ndogo, mna dadu kubwa ya peke yake, isiyo na moja wala tatu wala tano. Ina 2, 4, 8, 16, 32 na 64. Watoto wenu waliitupa wakidhani imeharibika kiwandani. Hiyo ndiyo dadu ya dau. Desturi ya dabo ilizuka katika klabu za New York miaka ya 1920, na kabla dadu hiyo haijachongwa, watu walikuwa wakihesabu dabo kwa njiti za kiberiti zilizowekwa kando ya bodi.

Sheria yake ni nyepesi, na ndiyo maana inaua. Tuseme mmewekeana shilingi 100. Zamu yangu imefika, naona mambo yananiendea vizuri. Kabla sijarusha dadu, nasukuma ile dadu kubwa mbele yako, nasema: "Dabo." Una milango miwili. Wa kwanza ni kuachia: unanilipa 100, mchezo umekwisha, tunapanga upya. Wa pili ni kupokea: dau linakuwa 200, tunaendelea, na dadu ya dau inakuwa mali yako. Kuanzia hapo ni wewe pekee mwenye haki ya kupiga dabo ijayo, dau liwe 400. Mimi siwezi kuigusa tena mpaka unirudishie.

Hapo ndipo ninyi, ndugu zangu wa Nakuru, mnapoharibu. Mmoja akipigiwa dabo hujiuliza: "Nitashinda?" Akiona kwamba kushinda ni kugumu, anaachia kwa huzuni. Mwingine hujiuliza: "Watasema nini?" Anapokea kwa hasira. Wote wawili wamekosea swali. Aliyepigiwa dabo ni mtu aliye nyuma. Angekuwa mbele angepiga yeye. Kwa hiyo kujua kwamba uko nyuma si habari. Swali ni: uko nyuma kiasi gani?

Kijana wa helmeti, njoo hapa mbele. Shika hesabu. Tuseme umepigiwa dabo mara nne, katika hali ileile. Ukiachia mara zote nne, umepoteza mia, mia, mia, mia: 400. Sasa tuseme umepokea mara zote nne, ukashindwa tatu na kushinda moja tu. Tatu kwa 200 ni 600 uliyopoteza. Moja kwa 200 ni 200 uliyopata. Toa. Ngapi? Mia nne. Ileile! Umeshindwa mara tatu kati ya nne, umechekwa mara tatu, na bado hujapoteza hata senti zaidi ya yule aliyeachia kwa heshima zote.

Hiyo, mabibi na mabwana, ndiyo asilimia 25. Ukiwa na nafasi moja kati ya nne, kupokea na kuachia ni sawa. Ukizidi hapo, pokea, hata kama shemeji yako anakutikisia kichwa. Ukipungua hapo, achia, hata kama anakupigia makofi. Siri yake ni kwamba ile mia ya kwanza, dabo inapotamkwa, imeshakwenda. Usiilinganishe hasara ya kupokea na mfuko uliojaa. Ilinganishe na mfuko ambao tayari umetobolewa shilingi mia. Watu hulilia mia iliyokwenda, wakasahau kwamba wanaulizwa kuhusu ile ya pili.

Naona mzee wa kofia haamini. Mzee wangu, haya, tutafanya kwa vitendo. Nimebakiza kete moja, iko nafasi ya sita kutoka mlangoni. Wewe umebakiza moja, iko nafasi ya kwanza, na zamu ikikufikia umeshinda bila ubishi. Ila zamu ni yangu. Napiga dabo. Dadu mbili zina miangukio 36. Ipi itaniangusha? Moja na moja, kwa sababu hata nikicheza mara mbili, kama ilivyo sheria ya pacha, napata hatua nne tu. Moja na mbili. Moja na tatu. Moja na nne. Mbili na tatu. Hizo nne za mwisho kila moja yaweza kuanguka kwa njia mbili, kwa hiyo ni nane. Ongeza ile pacha ya moja, ni tisa. Tisa kati ya 36. Robo kamili! Mungu mwenyewe aliiweka hapo ili kunirahisishia kufundisha. Ukipokea sawa, ukiachia sawa.

Sasa nahamisha. Badala ya kete moja, nina mbili: moja nafasi ya tano, nyingine ya pili. Napiga dabo. Mzee anataka kuachia, mkono umeshaingia mfukoni. Toa mkono! Hapo zinazonitoa zote mbili kwa mrusho mmoja ni miangukio 19 tu. Una 17 kati ya 36, karibu nusu kwa nusu. Anayeachia hapo anatoa sadaka. Nahamisha tena: moja nafasi ya nne, nyingine ya kwanza. Zinafanana na zile, sivyo? Mmoja wenu anasema "pokea". Hapana! Hapo miangukio 29 inanimalizia mchezo, umebakiza saba, haifiki hata asilimia 20. Achia, lipa mia, panga kete. Kete mbili zilezile, nafasi mojamoja tu zimesogea, na jibu limegeuka. Ndiyo maana mambo haya hayaamuliwi kwa kukunja uso.

Mtaniuliza: mbona wasomi wengine husema ni asilimia 20? Mmefanya vizuri kuuliza, ingawa hamkuuliza. Mwaka 1975, Wamarekani wawili, Emmett Keeler na Joel Spencer, walitoa makala ya hisabati kuhusu dabo. Walionyesha kwamba mchezo ukiwa bado mrefu, mwenye dadu ya dau anamiliki kitu cha thamani: anaweza kumpigia mwenzake dabo siku mambo yakigeuka, ilhali mwenzake hawezi kumpigia. Thamani hiyo ikihesabiwa kwa ukamilifu wake, mpaka unashuka kutoka 25 hadi 20. Kwenye bodi halisi hatufiki huko. Wachezaji hukaa kwenye 22 hivi. Kwa hiyo mwanzoni na katikati ya mchezo, kuwa na moyo zaidi: pokea hata ukiwa chini kidogo ya robo. Mwishoni, kama ile kete yangu ya nafasi ya sita, dadu ya dau haina thamani tena, maana hakuna kesho. Rudi kwenye robo yako.

Na upande wa pili kuna gamoni. Mwenzako akimaliza kutoa kete zote nawe hujatoa hata moja, unalipa mara mbili ya dau. Likishapigwa dabo, mia yako imekuwa mia nne. Tuseme kati ya michezo 100 utashinda 30. Umezidi robo, kijana wa helmeti anashangilia. Taratibu! Kati ya hiyo 70 ya kushindwa, 20 ni gamoni. Hesabu: 30 kwa 200 ni 6,000 za kuingia. Hamsini kwa 200 ni 10,000 za kutoka. Ishirini kwa 400 ni 8,000 nyingine. Umetoka na hasara ya 12,000. Ungeachia mara zote 100 ungepoteza 10,000. Kwa hiyo asilimia 30 yako imekutia shimoni. Anayehesabu mara ngapi atashindwa, asihesabu atashindwa vibaya kiasi gani, amehesabu nusu.

Kwa wale wasiopenda hesabu, na nawaona, mmejipanga nyuma kama darasani, kuna kanuni ya mbio. Mkishapita kila mtu njia yake, hakuna tena kugongana, ni kukimbilia nyumbani tu, hesabu hatua zilizobaki. Mwenzako akiwa na 100 na wewe una 112 au pungufu, pokea. Ukiwa na 113, achia. Asilimia 12 ndiyo mpaka wa mbio ndefu. Ukijua kujumlisha bei ya sukuma na nyanya pale soko la Wakulima, unaweza hilo.

Nimemaliza upande wa kichwa. Sasa nageukia upande wa matatizo, yaani ninyi.

Tatizo la kwanza la Nakuru ni watazamaji. Drafti hapa bustanini huchezwa na wawili na kuamuliwa na kumi na watano. Mmoja anasema "mle huyo", mwingine anasema "umeogopa", wa tatu amekuja kusubiri matatu ya Kiamunyi na tayari ana maoni. Katika kelele hizo, mtu anayeachia huonekana amevuliwa suruali. Kwa hiyo anapokea. Anayepiga dabo hapa halengi kete zako, mheshimiwa. Analenga hao waliosimama nyuma yako.

Mwaka 1979, mjini Monte Carlo, programu ya kompyuta iitwayo BKG 9.8, kazi ya Hans Berliner, ilimshinda Luigi Villa, aliyekuwa ndiyo kwanza ametwaa ubingwa wa dunia wa bakigamoni. Pointi saba kwa moja! Berliner mwenyewe alisema baadaye kwamba dadu zilikuwa upande wa mashine, na mimi nampongeza kwa ukweli ambao sijawahi kuusikia hapa bustanini. Mwaka 1992 Gerald Tesauro wa IBM akatengeneza nyingine, TD-Gammon, iliyojifundisha kwa kucheza na nafsi yake, mpaka mabingwa wakaanza kuiga mwanzo wake wa mchezo. Niliwaza sana ni nini mashine inacho ambacho sisi hatuna. Nikagundua ni kinyume chake: kuna kitu sisi tunacho ambacho yenyewe haina. Mashine haina shemeji. Ikiachia haichekwi, ikipokea haisifiwi, na wala haitakutana na mtu kesho asubuhi kwenye stendi ikaulizwa, "Eti jana ulikimbia?"

Tatizo la pili ni kubwa zaidi. Kwenye bakigamoni anayepiga dabo ni aliye mbele. Nakuru tumegeuza: anayepiga dabo ni aliyefilisika. Nendeni kwenye meza ya pool yoyote, Bondeni, Kaptembwa, Free Area, mtamsikia: "Haya, tuongeze, nirudishe zangu." Au mtazameni kijana anayecheza kile kindege cha kamari cha kwenye simu. Ameanza na 50, imeliwa. Anaweka 100, imeliwa. Mia mbili, mia nne, mia nane, elfu moja na mia sita. Mara sita mfululizo si ajabu. Ameshatoa 3,150, na sasa anatakiwa aweke 3,200, alizokopa kwa Fuliza, ili hatimaye apate faida ya shilingi ngapi? Hamsini! Huyu anajiita mjanja. Huyu hakupigiwa dabo na mtu. Anajipigia mwenyewe, anajipokelea mwenyewe, na mwenye kindege anatazama kwa upendo. Kwenye bodi, dabo ni swali linaloulizwa na mwenye nguvu na kujibiwa na mwenye hesabu. Ukijikuta unauliza ukiwa chini, hilo si swali tena. Ni ombi.

Naona mkono. Wewe wa koti jekundu. Unauliza kama kuna mtu maarufu wa huku aliyewahi kupokea dabo nyingi akafaulu. Swali zuri, nililitarajia, na nilimwomba mtu aliulize lakini amechelewa.

Mfano upo, na ni wa hapa hapa Njoro. Hugh Cholmondeley, Baroni wa tatu wa Delamere, aliingia nchi hii mara ya kwanza mwaka 1897 akitokea upande wa Somalia kwa safari ya kuwinda. Mwaka 1903 serikali ya kikoloni ikampa ekari 100,000 za Njoro kwa miaka 99. Akaleta kondoo. Malisho yalikosa madini, kondoo wakakonda na kufa. Mtu wa kawaida angeachia. Yeye akapokea: akaleta ng'ombe. Homa ya mapafu na ndigana zikawapukutisha. Akapokea tena: akalima ngano. Kutu ikaingia shambani, ngano ikaharibika. Akapokea tena! Akaajiri mtaalamu wa mbegu, wakahangaika kutafuta ngano inayostahimili kutu, na wakaipata. Mbegu za Njoro zina historia kutoka hapo. Mpaka leo kituo cha utafiti cha KALRO pale Njoro hupima ngano kutoka nchi nyingi dhidi ya kutu ya shina, ikiwemo ile aina ya Ug99 iliyogunduliwa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990.

Makofi? Ngojeni. Delamere alilipa dabo zake kwa nini? Alikuwa na urithi Uingereza, huko Cheshire, akauweka rehani. Na hata hivyo alipokufa mwaka 1931 aliacha madeni makubwa benki. Sasa wewe mwenye ekari moja Rongai na mkopo wa Sacco, ukimwiga, mkipanda pamoja na kuangushwa pamoja, yeye atasema "napokea", na wewe utasema nini? Cheshire yako iko wapi? Ile robo niliyowafundisha ni ya mtu atakayecheza tena kesho na keshokutwa, mpaka zile nafasi nne zitimie na ile moja imfikie. Ukiwa na pesa ya mchezo mmoja tu, moja kati ya nne ni moja kati ya nne, na tatu zilizobaki zinakungoja mlangoni na mabegi. Kabla ya kuhesabu kete, hesabu mfuko.

Na nani alikuwa kwenye ardhi ile kabla ya kondoo wa Delamere? Mwaka 1904, viongozi wa Kimaasai walitia alama kwenye mkataba uliowaondoa kwenye malisho ya Bonde la Ufa na kuwapeleka kwingine, Laikipia ikiwemo, kwa ahadi kwamba maeneo hayo yangekuwa yao maadamu Wamaasai wapo. Mwaka 1911 ukaletwa mkataba wa pili, wakatolewa na Laikipia. Wakaenda mahakamani, mwaka 1913 kesi ikatupwa, kwa hoja kwamba mikataba ile ilikuwa ya dola na dola, mahakama haiwezi kuigusa. Nawaomba wanafunzi wangu mlitazame jambo hilo kwa jicho la kitaaluma. Dau limepandishwa mara ya kwanza, likapandishwa mara ya pili, na anayelipandisha ndiye mwenye bodi, ndiye mwenye dadu, na ndiye refa. Hapo robo haihusiki, wala 22, wala kanuni ya mbio. Dabo ina milango miwili. Ukiletewa yenye mlango mmoja, hata ikiwa na muhuri, hiyo haiitwi dabo. Umeporwa, na sayansi yangu haina la kukusaidia.

Nimeambiwa muda umekwisha. Nimejiambia mwenyewe, kwa hiyo nina hakika. Nitaongeza kanuni moja tu kwa wanaotaka kujua lini wapige wao. Bingwa wa Marekani, Kit Woolsey, alisema jambo ambalo limepewa jina lake: ukiwa huna hakika kabisa kama mwenzako apokee au aachie, basi dabo yako ni sahihi. Kama wewe umechanganyikiwa, na yeye atachanganyikiwa. Hii ndiyo kanuni pekee ya hisabati inayomlipa mtu kwa kutojua, na nimeitumia katika kila mada ninayofundisha.

Tumefika kwenye kiingilio. Mhadhara huu ni shilingi 50 kwa kichwa, jambo ambalo sikulitaja mwanzoni kwa sababu za kitaaluma. Lakini mimi si mchoyo. Natangaza dabo! Kete yangu moja iko nafasi ya sita, kete yenu moja iko nafasi ya kwanza, zamu ni yangu. Anayeachia atoe 50 aende zake kwa amani. Anayepokea akae: dadu zikiniangusha nampa 100, zikinibeba ananipa 100. Nimechagua nafasi hiyo kwa uadilifu mkubwa, maana mmeona wenyewe ni robo kamili. Mpokee, mwachie, kwa wastani mimi ni 50 kwa kila kichwa.

Naam, mama wa chai? Unauliza dau la kwanza tulikubaliana lini? Mama, hilo ni swali la uzamivu. Litajibiwa kwenye mhadhara wa pili, ambao una kiingilio chake. Mzee wa kofia, mbona unakunja bodi? Kijana wa helmeti, mbona injini inanguruma na tulikuwa tunaelewana? Wewe wa koti jekundu, ulikuwa unakwenda kuleta chenji au unakwenda tu? Basi, basi, tusivutane. Karani wangu, chukua kalamu. Waandike wote wanaoondoka. Wameachia kwa hiari yao, mbele ya mashahidi, na kwa sheria niliyowafundisha kwa mdomo wangu mwenyewe, kila mmoja ninamdai hamsini.